Uzi: Kubadilisha oili ya mashine ya yoti bila kulala kifudifudi ngamani. Njia zangu hizi, leteni na zenu

Fundi wa Ngama (Tanga)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi natunza mashine za vyombo vya tanga hapa Tanga. Kuna yoti za wapita njia, kuna zinazolala hapa mwaka mzima, na mara mojamoja naitwa kwenye jahazi lenye mashine. Mashine nilizozika ni nyingi, na chache mno zilikufa kwa uzee. Nyingi ziliuawa na oili iliyokaa ndani hadi ikageuka lami. Ukimuuliza mwenye chombo kwa nini hakubadilisha, mara nyingi hasemi alikosa hela. Anasema, "Kule chini sifiki, mgongo wenyewe huu." Ndiyo maana nafungua uzi huu. Kazi hii ikiwa nyepesi itafanyika, ikiwa ngumu itaahirishwa mpaka mashine igome.

Kwa aliyezoea gari: pale unaingia uvunguni, unafungua nati ya sampo (bakuli la oili chini ya mashine), oili inashuka kwenye karai, basi. Kwenye yoti mashine imekalia boriti zake ndani ya ngama (tumbo la chini la chombo, maji yanapokusanyika), na kati ya sampo na sakafu ya chombo pengine hata kiganja hakipiti. Nati ipo lakini huioni. Hata ukiifungua kwa kupapasa, hakuna karai litakaloingia pale. Oili yote inaishia ngamani, inachanganyika na maji ya chumvi, na pampu ya ngama ikijiwasha yenyewe inayatema yote baharini. Kwa hiyo kabla hujagusa spana yoyote, zima swichi ya pampu ya ngama. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu ndilo watu husahau.

Mfano wangu ni yoti ya futi 34 yenye Yanmar 3GM30, dizeli ya silinda 3, inayochukua lita 2.6 za oili. Ratiba yake ni kubadilisha baada ya saa 50 za mwanzo, halafu kila saa 100. Sasa wenye yoti wanasema, "Mimi natembea kwa tanga, saa 100 sifikishi hata kwa miaka miwili, oili yangu bado." Hapana. Mashine ya yoti inafanya kazi vipandevipande: robo saa kutoka nangani, dakika 20 kuingia bandarini, au inaunguruma polepole kuchaji betri. Haipati moto wa kutosha. Masizi, dizeli isiyoungua na unyevu vinabaki ndani ya oili, vinazaa asidi, na asidi inakula beringi taratibu chombo kikiwa kimetulia nangani. Utaratibu wangu ni angalau mara moja kwa mwaka, na siku zote kabla chombo hakijalazwa kwa msimu wa kusi (upepo wa kusini). Wengi wanangoja mpaka kusi ipite, na huku oili chafu imeshalala miezi mitano juu ya chuma.

Tuje kwenye kazi. Njia ninayoitumia zaidi ni kuvuta oili kupitia tundu la dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili). Pampu ziko za namna tatu: ile ndogo ya shaba ya kuvuta kwa mkono, ile ya umeme wa volti 12, na dumu gumu lenye pampu ya mkono kichwani. Mimi ni mtu wa dumu. Unapampu mara kumi au kumi na tano, hewa inatoka, halafu unakaa na kikombe chako cha chai huku oili ikijivuta yenyewe. Oili haipiti ndani ya pampu, kwa hiyo hakuna cha kuziba. Usijaribu kulitengeneza kwa dumu la mafuta ya kula: linakunjamana lote.

Siri yote iko kwenye mpira mwembamba unaoingia ndani, na hapa naomba mnisome polepole.

Ncha ya mpira ikate mshazari, kama kalamu ya mwanzi. Ukiikata sawasawa itang'ang'ania chuma cha chini ya sampo na haitavuta kitu. Kisha laza dipstiki sambamba na mpira, weka alama ya selotepu pale panapolingana na shingo ya tundu. Alama hiyo inakwambia umekaribia chini. Ikifika, sukuma polepole kwa vidole viwili tu mpaka uhisi mpira umegusa, hapo simama. Watu wengi huendelea kusukuma. Mpira unajikunja ndani ya sampo, ncha inatazama juu, oili inatoka nusu, halafu povu, halafu hewa. Wewe unadhani imekwisha, unamwaga oili mpya juu ya lita nzima ya oili chafu.

Kabla ya hapo washa mashine dakika kama kumi. Oili ya baridi ni nzito kama asali, na masizi yake yamelala chini. Ya uvuguvugu inashuka na uchafu wake. Isiwe ya moto sana, mpira wa plastiki utalainika na kujibana. Nikiweza kuushika mwili wa dipstiki bila kuurusha mkono, naanza.

Halafu pima kilichotoka. Mimi namimina kwenye chupa safi zenye alama. Kwenye hii ya lita 2.6 nikipata 2.3 nimeridhika, kiasi kidogo hubaki kwenye pembe. Nikipata lita 1 na nusu najua mpira umejikunja: nautoa, nauzungusha kidogo, naurudisha. Na chagua asubuhi bahari ikiwa imelala, kabla upepo wa mchana haujaanza kuyumbisha chombo.

Nimeishia hapo kwanza. Karibuni.

Baharia wa Mtwapa

Ahsante sana fundi. Hilo la kukata mshazari sikulijua, miaka yote napigana na mpira unaogoma.

Swali langu ni filta. Yangu imelala ubavuni mwa mashine, haisimami. Nikiilegeza tu, oili inashuka juu ya nyaya za starta na kuingia ngamani. Nafuta siku mbili. Nimefika mahali nabadilisha oili na filta naiacha.

Fundi wa Ngama (Tanga)

Baharia, ratiba ya mashine hizi inaruhusu filta ikae kuliko oili, lakini kwa chombo kinachotumika kidogo mimi nabadilisha vyote pamoja. Hiyo iliyobaki ndani ya filta ndiyo oili chafu kuliko yote.

Ya kulala ubavuni ina utaratibu wake. Vuta kwanza oili ya sampo. Filta iachie, usiiguse, nusu saa hivi. Kisha tandika pampasi ya mtoto chini yake, ile ya dukani, upande wa kunyonya ukiangalia juu. Chukua mfuko wa plastiki mgumu usiotoboka, uvalishe filta yote kama soksi, mdomo wa mfuko ukibanwa juu kabisa kwenye mwili wa mashine. Filta unaizungusha ukiwa umeishika juu ya mfuko. Oili inashuka ndani ya mfuko, na filta yenyewe inadondokea humohumo. Unafunga fundo, unatoa kifurushi kimoja.

Kuna wanaotoboa filta kwa msumari kabla ya kuifungua: tundu moja juu la kuingiza hewa, jingine chini la kutoa oili kwenye kopo. Inafanya kazi vizuri, lakini ukishatoboa umejifunga, lazima itoke siku hiyohiyo. Hakikisha kwanza filta mpya unayo mkononi na ndiyo saizi yake.

Ikigoma kuzunguka, ivalishe msasa, upande wa mchanga ukiikamata filta, shika kwa nguvu, zungusha. Usipitishe bisibisi katikati yake. Bati linachanika, kitako kinabaki kwenye mashine, na sasa una kazi ya siku nzima.

Ya kurudishia: angalia kwanza kama gasketi ya zamani imetoka na filta yake. Ikibaki kwenye mashine, ukafunga mpya juu yake, mashine ikiwaka zitafumuka na oili yote itaruka nje kwa dakika moja. Paka oili kidogo kwenye gasketi mpya, funga kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana haihusiki. Na kwa kalamu ya maka andika juu ya bati tarehe na saa za mashine. Mwakani utanishukuru.

Mwana wa Nungwi

Mimi ni mtu wa jahazi, siyo yoti, lakini mashine ni mashine. Nachangia kwenye hilo la pampasi.

Sisi tunatumia usufi. Ule wa kwenye mti wa msufi, wa kujazia mito. Usufi unakunywa oili na unakataa maji. Jaza kwenye soksi kuukuu au foronya, funga kamba, ning'iniza ngamani mahali maji yanapokusanyika. Pampasi ukiiacha ngamani inashiba maji na haina tena nafasi ya oili. Usufi unaelea juu ya maji na kuvuta oili peke yake. Ukiwa mweusi kotekote, unautoa na kuweka mwingine.

Chini ya mashine pampasi yako ni sawa, pale ni pakavu.

Fundi wa Ngama (Tanga)

Mwana wa Nungwi, umenifundisha. Msufi upo nyuma ya nyumba yangu na sijawahi kuufikiria kwa kazi hii. Kesho naanza.

Dada Demani (Unguja)

Habari zenu kaka zangu. Nina mashua ya kutembeza wageni jioni, mashine yake ni dizeli ya silinda 2 na inatumika kila siku. Saa 100 kwangu ni kama miezi miwili, kwa hiyo kila miezi miwili mambo ya mipira na selotepu. Nimesikia unaweza kufunga mpira wa kudumu chini ya sampo ukaja juu, ukawa unavuta tu. Ni kweli? Na kuna hatari gani?

Fundi wa Ngama (Tanga)

Dada Demani, ni kweli, na kwa matumizi yako ndiyo njia ninayoipendekeza. Unatoa nati ya sampo, mahali pake unafunga kiungo chenye shingo ya mpira, mpira unapita pembeni ya mashine na kupanda mpaka mahali mkono wako unafika ukiwa umesimama. Mwisho wake unaweka koki, na juu ya koki kizibo cha kukaza kwa spana. Siku ya oili unafungua kizibo, unaunga pampu, unafungua koki. Inatoka karibu yote, hata ile ya pembeni ambayo dipstiki haiifikii.

Kuifunga ndiyo kazi, kwa sababu lazima ufike kwenye hiyo nati mara moja ya mwisho. Ngoja siku mashine inapoinuliwa kwa sababu nyingine. Mimi nilifanya tulipobadilisha mipira ya kukalia mashine: tulikuwa tumeiinua kwa winchi kwenye bumu la tanga, nafasi ikapatikana bila gharama ya pili.

Mstaafu wa Bandari (Mombasa)

Mwanangu Fundi, nimekusoma kwa makini na unaandika kwa uangalifu. Lakini hapa lazima nikuzuie kidogo. Nimefanya kazi kwenye tagi (boti za kuvuta meli) na boti nyingine miaka mingi. Niliwahi kuona mpira wa namna hiyo umesugua kwenye pembe ya boriti mpaka ukatoboka. Oili yote ilishuka ngamani mashine ikiwa kazini. Nahodha aliona taa ya presha, akadhani waya umekatika, akaendelea. Mashine ilikwama pale pale mlangoni mwa bandari na mkondo unaingia. Ile nati ya chini, hata kama haifikiki, haitoboki.

Fundi wa Ngama (Tanga)

Shikamoo mzee. Nakubali, na ningepaswa kuanza na hilo kabla ya kumsifia dada urahisi wake.

Dada Demani, soma maneno ya mzee mara mbili. Mpira huo haubebi presha ya pampu ya oili, unabeba uzito wa oili iliyomo tu. Lakini ukitoboka chini, sampo yote inamwagika. Kwa hiyo masharti ni haya, na moja likikosekana usiufunge.

Mpira uwe wa haidroliki, wenye nyuzi ndani, unaostahimili oili ya moto, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine na wale wanaotengeneza mipira ya matrekta na greda. Mpira wa maji wa bustani na klipu, hapana kabisa. Washa za shaba nyekundu (zile pete za kuzibia) ziwe mpya. Mpira uachiwe ulegevu, maana mashine inatikisika juu ya mipira yake na chombo hakitikisiki nayo. Kila unapopita karibu na chuma au mbao uvalishwe mpira mwingine wa nje, ufungwe usiguse. Mwisho wake ukae juu kuliko kimo cha oili kwenye dipstiki, ili hata koki ikilegea oili isijimwage. Na kila mwezi pitisha mkono juu yake wote, kisha utazame kiganja. Kiganja kikiwa na weusi, simamisha safari utafute chanzo.

Na king'ora cha presha ya oili kifungwe, kile kinacholia. Taa peke yake wakati wa jua la magharibi usoni haionekani.

Mstaafu wa Bandari (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Kwa masharti hayo sina neno.

Baharia wa Mtwapa

Samahani narudi. Leo asubuhi nimechomoa dipstiki ili nipime mpira kama ulivyoelekeza, nikakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa. Siyo nyeusi. Nibadilishe tu niendelee?

Kijana wa Msasani

Baharia, usiwashe mashine! Hayo ni maji ndani ya oili. Mimi yalinipata mwaka jana.

Ulipiga starta muda mrefu hivi karibuni bila mashine kuwaka?

Baharia wa Mtwapa

Ndiyo. Wiki iliyopita betri ilikuwa dhaifu, nilipiga mara nyingi sana.

Kijana wa Msasani

Ndicho chanzo basi, karibu sawa na cha kwangu. Kila unapozungusha starta, pampu ya maji ya bahari nayo inazunguka na kujaza maji kwenye silensa. Mashine isipowaka hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa, yanarudi nyuma kupitia bomba la moshi, yanaingia kwenye silinda na kuteremka kwenye oili. Mashine ikikataa kuwaka, funga koki ya maji ya bahari kwanza, piga starta, na ikishika tu ifungue upesi. Pia angalia kile kivalvu cha kuvunja mnyonyo kilicho juu ya mpira wa maji, kikiziba kwa chumvi maji yanajinyonya yenyewe hata chombo kikiwa kimelala.

Fundi wa Ngama (Tanga)

Kijana amesema sawa. Baharia, fanya hivi leo, usingoje kesho, chumvi haingoji. Funga koki ya maji ya bahari, mwaga maji ya silensa. Legeza nozeli (vinavyopuliza dizeli kwenye silinda), au kama mashine yako ina mikono ya kuondoa kompresheni iinue, kisha izungushe kwa mkono kwa nati ya puli ya mbele, polepole. Ikikataa kuzunguka usilazimishe, kuna maji juu ya pistoni. Ikizunguka, vuta oili yote, weka oili mpya ya bei nafuu ya dizeli na filta mpya, rudisha nozeli, kisha fungua koki ya maji kabla hujawasha. Iache izunguke bila mzigo kama dakika kumi, uvute tena ikiwa ya moto. Rudia mpaka itoke bila weupe. Mara tatu ni kawaida. Ya mwisho ndiyo iwe oili yako nzuri, 15W-40 ya dizeli, na siku hiyo uiendeshe saa nzima ikiwa na mzigo ili unyevu uliobaki uondoke.

Usione uchungu wa kumwaga oili ambayo imefanya kazi dakika kumi. Bei ya crankshafti unaijua.

Dada Demani (Unguja)

Oili hiyo yote inapelekwa wapi? Huku kwetu wengine wanapaka mbao kuzuia mchwa, wengine wanamwaga nyuma ya nyumba.

Mwana wa Nungwi

Dada, kwenye mbao za chombo usipake. Chombo kina sifa (mafuta ya papa) na shahamu tangu wazee, na mbao iliyoshiba oili ya mashine haishiki kalafati (pamba ya kuziba nyufa) wala rangi. Mimi najaza kwenye madumu yenye mfuniko, nampelekea mtu anayekusanya kutoka gereji. Tanzania oili chafu inahesabiwa taka hatarishi, siyo kitu cha kumwaga chini. Na baharini hata kwa MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, maji ya ngama hayaruhusiwi kutoka melini yakiwa na oili zaidi ya sehemu 15 katika milioni. Kina mama wanaookota chaza mbele ya nyumba yangu hawajui huo mkataba, lakini oili ikishuka wanaijua siku hiyohiyo kwa harufu.

Fundi wa Ngama (Tanga)

Naongezea tu: dumu la oili chafu lisiwekwe petroli, maji wala dawa ya choo. Ikichanganyika, mkusanyaji anaikataa. Na liandike kwa rangi kubwa, kuna siku deiwaka alijaza mashine oili kutoka dumu lisilo na jina.

Baharia wa Mtwapa

Natoa ripoti. Mashine ilizunguka kwa mkono, haikugoma. Mzunguko wa kwanza ilitoka lita 2.1, nyeupe kabisa. Wa pili 2.4, rangi ya kahawia yenye ukungu. Wa tatu 2.4, safi. Kivalvu cha juu kilikuwa kimeziba chumvi, nimekichemsha kwenye siki kimefunguka. Filta niliivalisha mfuko, ngamani halikudondoka hata tone. Jana jioni nimeiendesha saa nzima hadi mdomo wa mkondo na kurudi, leo asubuhi dipstiki ina oili ya rangi ya asali.

Kesho natafuta usufi.